Gauni la Vifungo vya Mgongoni

Kamalondo, Élisabethville,
24 Oktoba 1954

Mpendwa yaya yangu, dada mkubwa Albertine,

Kabla sijagusa lolote, nakusalimu. Umeamkaje huko Kongolo? Goti lako la kushoto linasemaje sasa mvua zimeanza? Na mdogo wetu Constance, yule mtoto wake aliyezaliwa ametanguliza miguu, ameshaanza kuitumia au bado anawatumikisha kwa kubebwa? Watu waliotoka huko wanasema mihogo imekubali mwaka huu. Nashukuru Mungu, maana hapa mjini tunauziwa unga ambao hata panya anaunusa na kupita zake.

Sisi ni wazima. Mke wangu Edith alikohoa kiangazi chote kwa moshi wa kiwanda cha shaba, lakini mvua ya kwanza imemsafisha kifua. Désiré, kitinda mimba wetu, amepata kipaimara. Suti yake niliishona mwenyewe, na nakwambia siku ile watu walimtazama yeye kuliko askofu. Cherehani bado inazunguka, mgongo wangu ndio unaolalamika.

Sasa kaa vizuri, yaya. Barua hii inakuja na kifurushi, amekibeba Marie-Thérèse, binti wa jirani yangu anayekuja huko Kongolo kujifungua. Kiweke juu ya kabati, usikifungue mpaka umalize kusoma. Najua mikono yako haijui kungoja, lakini safari hii nisikilize mimi mdogo wako.

Najua pia kwamba umeletewa tikiti. Treni mpaka Kabalo, meli mpaka Bukama, kisha treni tena mpaka hapa. Mwanao Rigobert ndiye aliyeituma, au tuseme imetumwa na klabu ya wazungu anakocheza golfu, ili uje kwenye sikukuu yao kabla ya Noeli. Labda umeshawaonyesha majirani, labda kikapu kimeshafungwa. Naandika kukuomba usije. Ninaelewa uzito wa ninachokuomba, kwa sababu hujamwona mwanao tangu alipokuwa na suruali fupi. Soma yote kwanza, kisha uamue. Wewe ndiye mkubwa.

Ulinipa Rigobert ametoka shule ya mapadri nimfundishe kushona. Alishona kidogo, akajichoma kidole, akaona sindano ni mnyama mkali. Basi akafuatana na Faustin kwenda kubeba mifuko ya fimbo za wazungu. Faustin unamjua kwa baba yake, mzee Laurent wa Kasenga, ambaye ua wake na wangu zinagusana. Walikwenda pamoja asubuhi, walirudi pamoja jioni, na sahani yao ya bukari ilikuwa moja.

Golfu, kwa kuwa hujaiona, ni watu wazima wenye akili zao wanaopiga kijipira kama yai la njiwa kwa fimbo ya chuma, wanakifuata kwa miguu, wanakipiga tena, mpaka kiingie shimoni. Hapa kwetu shimo halikuzungukwa na majani. Kuna mchanga uliomwagiwa mafuta ya mashine ili upepo usiuchukue, na wabeba mifuko wanausawazisha kwa ubao kila mtu akipita. Rigobert alijifunzia hapo. Alikuwa anausoma ule mchanga kama padri anavyosoma misa. Nyuma ya ghala la reli, yeye na Faustin walipinda nondo, wakapiga mawe, wakapiga makopo, na mama mmoja muuza karanga alipigwa kisogoni, nikaenda kuomba msamaha mimi.

Alipokuwa na miaka kumi na sita, klabu iliwapa wabeba mifuko siku yao ya kucheza, kwa kuwachekesha tu. Rigobert aliwapita wenzake wote, na alikuwa amewapita hata wazungu waliocheza jana yake. Wakasema amedanganya hesabu. Wakamrudisha uwanjani, kundi zima likimfuata nyuma, na mara ya pili akacheza vizuri zaidi. Mwaka uliofuata wakamfanya mwalimu wa golfu, mchezaji wa kazi, anayelipwa kwa kucheza. Picha yake ilitoka gazetini. Miaka kumi na saba, yaya, na watu wenye mvi walikuwa wanamwondolea kofia. Nilimshonea suruali ya kijivu yenye marinda na koti lake. Nilijivuna, nakwambia kweli, nilitembea Kamalondo nzima kama kwamba miguu ile ni yangu.

Utamu wake haukudumu. Mzungu anafurahi kumwona mtu mweusi anapiga vizuri, lakini hafurahi kupigwa naye kila Jumamosi. Mmoja mmoja wakaacha kucheza naye. Walipokwenda mashindano ya Léopoldville walimchukua, ndiyo, akapanda ndege, Kamalondo ikapiga vigelegele. Alikwenda kubeba mfuko. Aliyekuwa anacheza ni mtu ambaye Rigobert anaweza kumshinda kwa mkono mmoja, mwingine ameshika kikombe cha chai. Aliporudi hakumwambia mtu. Mimi niliambiwa na mpishi wao.

Hapo, kama angeweka fimbo chini, akarudi kwenye sindano au akaenda zake, ningemheshimu mpaka kufa. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Alikuwa ameshazoea makofi. Na kuna bwana mmoja pale, mpangaji wa sikukuu za klabu, watu wanamwita Bwana Tumbako kwa vile pua yake haikauki ugoro. Yeye ndiye aliyemtafutia kazi nyingine. Jumapili jioni, wazungu wakikaa barazani na vinywaji vyao, Rigobert anatoka na fimbo kuwafurahisha. Alianza kupiga mpira uliowekwa juu ya saa ya mkononi bila kuvunja kioo. Kisha juu ya chupa. Kisha juu ya kiatu cha bibi mmoja, mguu ukiwa ndani. Halafu wakachoka na hayo pia, maana mchezo wa namna hii ni kama pilipili, kila siku inatakiwa kali zaidi.

Mwisho ikawa mdomo. Mtu analala chali kwenye majani, anauma kijiti kwa meno, mpira unakaa juu ya kijiti. Rigobert anapiga, mpira unaruka, mtu anaamka anacheka. Aliyelala alikuwa Faustin.

Nilikwenda kuona mara moja, nikasimama nje ya ua na watu wetu. Fimbo haikunisumbua, maana Rigobert alikuwa hakosei. Kilichonitia kinyaa ni wale walioniletea furaha yao pale nje ya ua. Adalbert, karani wa reli, rais wa chama chetu cha watu wa Kongolo, alikuwa amevaa tai na koti la sufu katika joto lile, anapiga makofi kwa ncha za vidole kama mzungu. Alinigusa bega. "Ona, Floribert. Ile njo heshima ya kwetu." Heshima. Mtoto wa mwenzako amelala chini mdomo wazi kama samaki sokoni, mtoto wako anamsimamia na chuma, na mtu mwenye tai anakwambia heshima.

Nilipomuuliza Rigobert nyumbani, alinijibu mimi mjomba wake bila kuacha kusafisha viatu vyake vyeupe. "Faustin iko mutani wangu, oncle. Mutani hakasirikake."

Sasa hapo ndipo walipoichukua mila yetu wakaifanya kitambaa cha kufutia uchafu. Wewe unaujua utani wetu na watu wa mzee Laurent. Utani huo ulizaliwa pamoja na reli, baba yetu na baba yake walipokuwa wanalaza chuma katika kundi moja. Unakumbuka maziko ya baba. Laurent aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema kitanda hiki ni chake na hatoki mpaka apewe jogoo mwekundu. Wewe mwenyewe ulicheka machozi yakikushuka. Na alipofiwa na mama yake, mimi nilikwenda nikalala mlangoni pake, waombolezaji wakaniruka mchana kutwa, mpaka nikapewa sufuria ya samaki. Utani ni mkono unaokwenda na kurudi. Nilimuuliza Rigobert: wewe umelala lini, Faustin akapiga? Akacheka, kama kwamba nimesema jambo la kitoto.

Mwezi wa nane, wakati wa baridi, walikuja wageni wa mbali. Bibi mmoja akasema haya ameshayaona kwingine, je, huyu kijana anaweza akiwa amefungwa macho? Wakamfunga kitambaa cha meza usoni. Rigobert angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni dogo, huenda hata mtoto wa Constance ameshalijua. Hakulisema. Faustin pia angeweza kuamka. Aliniambia baadaye, kwa kalamu maana kusema hakuweza, kwamba alidhani rafiki yake anamwona chini ya kitambaa.

Mpira uliruka, na meno ya mbele yaliruka nao. Barazani walipiga makofi kwanza. Walifikiri damu ni sehemu ya mchezo.

Taya limeungwa hospitalini. Mdomo umeshonwa, na nimeutazama ule mshono, mimi fundi, nikauma ulimi. Mama yake anamnywesha uji kwa kijiko. Klabu ilituma machungwa, kapu zima la machungwa, kwa mtu asiye na meno. Soma tena sentensi hiyo, yaya.

Adalbert aliitisha kikao, na kwa kuwa mimi ni mjomba wa mtoto, kikawa uani kwangu. Mzee Laurent alikuja na watu wa Kasenga, wakakaa upande wa jiko. Adalbert akasimama, akaweka tai yake sawa. "Hapa hakuna kesi. Ile iliyofanyika iko utani. Mutani hashitakake mutani." Watu wetu wakaitikia, na wengine walikuwa wanaangalia sufuria za Edith wakati wanaitikia.

Mzee Laurent alivua kofia yake, akaiweka gotini. Kisha akasema, bila hasira kabisa: "Muzuri. Kama iko utani, basi siye tunangojea zamu yetu. Siku ya yenga Rigobert alale, Faustin naye apige. Kisha tutakula pamoja."

Yaya, ile Jumapili aliyoiomba ilikuwa haki. Hakuna mtu uani pale aliyeweza kuipinga, kwa sababu ni sisi wenyewe tulioleta neno utani. Adalbert aliitazama tai yake. Mimi nilimtazama mwanao, na moyoni nilikuwa namsihi: kubali, lala, hata kwa dakika moja, uwe mtu. Nadhani hata Faustin asingepiga. Nadhani angeuchukua ule mpira na kuutia mfukoni, na sote tungelia.

Rigobert alisema: "Miye siwezi kulala pale. Faustin hana mukono ya kupiga muzuri. Akinivunja uso, nani atacheza?"

Faustin alikuwa amekaa karibu na baba yake, kitambaa kimemfunga kichwa. Alicheka. Ni kicheko kisicho na meno, kinatoka kama upepo mlangoni. Mzee Laurent akainuka, akakung'uta suruali, akaniaga mimi na Edith kwa adabu zote, wakaondoka. Chakula kikabaki. Tangu siku ile, nikipita mbele ya ua wake, ananiita "Bwana Floribert". Miaka yote ameniita mlafi, mchawi, mwizi wa samaki. Sasa ni Bwana. Nimepoteza mtani, yaya, na sikujua ni kitu kikubwa namna ile mpaka kilipotoka.

Kamalondo imesikia. Hakuna tena mtu anayekubali kulala chini ya fimbo ya Rigobert. Alikwenda mpaka Kasungami kutafuta vijana wa mashamba, wakamfukuza na mbwa. Bwana Tumbako ameshatangaza sikukuu, ameshaalika watu kutoka ng'ambo ya mpaka, na anauliza kila siku nani atalala. Mwanao ana miaka ishirini. Katika mwaka ambao wenzake wanaanza kazi, yeye kazi yake imebakiwa na kitu kimoja tu, mdomo wa mtu mwingine.

Wiki iliyopita aliingia dukani kwangu na kitambaa kizito cha buluu, kizuri, cha Ulaya. "Oncle, shonea mama robe." Gauni la mama yake! Nilifurahi mpaka nikaacha mkasi. Nikasema moyoni, kumbe bado yupo, amemkumbuka mama yake. Nikamwambia vipimo ninavyo kichwani, nitaongeza kidogo kiunoni. Nikamuuliza mtindo gani.

"Kola kama ya bamama ya kizungu," akasema. "Na bifungo biweke mbele. Nyuma hapana, bitamuumiza."

Nikamuuliza vifungo vya mgongoni vinamuumiza nani.

"Atalala kwa majani, oncle. Kidogo tu. Bazungu batafurahi sana, mama na mutoto yake. Na mama hawezi kuniogopa."

Alisema hivyo kama unavyosema mama atatupikia sombe. Hakuinamisha macho. Akaongeza kwamba kitambaa amekichagua cha rangi nzito kwa sababu mwezi ule majani yatakuwa na maji, hakitaonyesha. Mtoto amefikiria kila kitu, amekumbuka mpaka unyevu. Mita yangu ya mbao ilikuwa mkononi na ningeweza kuivunja kichwani kwake. Sikufanya hivyo. Nilipima kitambaa, nikakikunja, nikamwambia gauni litakuwa tayari. Alipotoka, Edith alinikuta nimekaa, akaniuliza nani amekufa.

Nimefikiria siku hizi zote kinachonichukiza zaidi. Bwana Tumbako ananichukiza, lakini sikumzaa wala sikumlea. Adalbert na tai yake, nao wataoza wenyewe. Rigobert ananitia kichefuchefu, na ni damu yangu, na bado usiku nikisikia baiskeli nageuza kichwa. Ila kibaya kuliko vyote ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nakujua, yaya. Ungekuja na kikapu chako cha mihogo. Angekueleza, na wewe ungelala. Ungeuma kile kijiti, ungefumba macho, na ungesema moyoni mwanangu hakosei. Ndiyo maana sikungoja ufike kituoni ndipo nikuambie. Ukishamwona usoni, barua yangu haitakuwa na nguvu.

Tikiti itie motoni. Padri akikuuliza kwa nini hukusafiri, mwambie mdogo wako amekuwa mtu mbaya, amekukataza. Na Rigobert akitaka kumwona mama yake, njia ya Kongolo anaijua. Aje mikono mitupu, akukute mlangoni, uwe umesimama.

Msalimie sana Constance, na mzee Godefroid katekista, mwambie suruali yake ya misa iko tayari na nitaituma. Edith anakusalimu, Désiré anakuomba umwombee mtihani. Mzee Laurent hajanituma salamu, lakini nilipomwona asubuhi hii nilimwambia ninakuandikia, akasimama kidogo kabla ya kuendelea na njia. Faustin anaweza kula viazi vilivyopondwa sasa. Mungu akulinde, akupe usingizi, na akuzibe masikio siku watakapokuja watu wa kukubembeleza.

Haya, sasa fungua kifurushi. Ni gauni la kitambaa kile kile cha buluu. Nimelishona kwa moyo wangu wote, sijawahi kushona vizuri namna hii. Geuza mgongo uone: vifungo vinaanzia shingoni mpaka kiunoni, vya pembe ya ng'ombe, vikubwa kuliko vyote nilivyopata mjini, na nimevikazia uzi mara mbili. Hakuna mtu atakayeweza kulala chali katika gauni hilo. Livae Noeli, Constance akufungie, ukae wima kanisani.

Wako anayekupenda na atakayekupenda hata ukinikasirikia,

mdogo wako,
Floribert